Toba ya Aila

Milimani, Idaho
12 Mei

Babu Arvo,

Barua hii isome peke yako, ukimaliza ichane vipande vipande. Haijapita mikononi mwa Corinne. Corinne ni mshauri wetu hapa, na kila tunachoandika anakisoma yeye kwanza kabla hakijatoka. Hii anaondoka nayo mwenzangu Tamsin, amemaliza muda wake na leo anarudi kwao. Ameificha ndani ya soksi, ameniapia ataitia posta akifika uwanja wa ndege. Kwa hiyo leo nasema wazi, na baada ya leo sitaweza tena.

Mimi ni mzima. Wale watu wawili aliowaajiri Mama walinichukua alfajiri, wakanipandisha ndege, wakanikabidhi huku kama kifurushi. Tuko wasichana wanane na walimu watatu. Tunalala chini ya turubai, tunatembea na mizigo mgongoni, hatuna simu wala saa, na tarehe tunaambiwa siku ya barua tu. Tukienda kulala wanachukua viatu vyetu tusitoroke. Ukienda kujisaidia kichakani lazima uite jina lako mfululizo ili wajue hujakimbia. Hebu fikiria, Babu, mjukuu wako kachuchumaa nyuma ya kichaka, "Aila, Aila, Aila," kama kasuku. Cheka, nimekuruhusu.

Sasa sikiliza. Najua mambo ya siku ile yanakujia na kupotea, ndiyo maana nakuandikia. Ilikuwa Aprili na barafu ya Ziwa Hauki ilishaoza. Ulitaka kwenda na gari juu ya barafu ukakichukue kibanda chako cha kuvulia samaki, na kibanda chenyewe tulishakiburuta sisi wawili tangu Machi, kiko nyuma ya gereji. Uliyekuwa kwenye usukani ni wewe. Mimi nilikuwa nakanda mkate wa iliki, nikasikia gari linaondoka, nikakimbia, nikalikuta limetumbukia. Nilitambaa kwa tumbo mpaka dirishani nikakuvuta. Polisi alipofika nilisema nilikuwa naendesha mimi, na ile chupa ya wiski chini ya kiti nikasema ni yangu.

Nilisema hivyo kwa sababu Mama alishaapa, tangu ile siku uliyosahau jiko, kwamba likitokea jambo moja tena nyumba inauzwa na wewe unapelekwa kwenye nyumba ya wazee, Duluth. Na wewe uliniambia ukitolewa pale ziwani hutafika Krismasi. Mimi nakuamini.

Basi ukiulizwa, ulikuwa umelala. Wakiridhika na mimi hapa, narudi nyumbani Julai, tunakuwa wawili tena kama zamani. Wasiporidhika, Mama atanipeleka shule ya kufungiwa kule Utah mpaka nitimize miaka kumi na minane, na hapo sijui nani atakuangalia. Kila asubuhi mpigie Mama umsalimie, lakini usizungumze sana. Na jiko la sauna, kile chumba chako cha kuogea mvuke, usiliwashe ukiwa peke yako, nakuomba.

Ni mimi,
Aila


Ziwa Hauki, Minnesota
21 Mei

Kwa mjukuu wangu mtukutu,

Salamu zinatoka kwangu mimi mzee, na kwa paka pia, ambaye hakunituma ila namsemea. Afya ipo, magoti ndiyo hayapo. Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili na nimeiweka ndani ya kopo la kahawa nisije nikaisahau. Umeniagiza niseme nilikuwa nimelala. Sawa, nilikuwa nimelala. Mtu akija hata saa sita mchana na nimesimama mlangoni, nitamwambia nimelala.

Kuna tamthilia siku hizi kwenye televisheni, kila Alhamisi, inaitwa Njia ya Korongo. Ni ya watoto watukutu waliopelekwa shule ya milimani, sawasawa na wewe. Nimeanza kuiangalia ili nijue unaishije. Nina maswali. Je, na ninyi mna mwalimu anayevua shati kila upepo ukivuma? Wao wanaye, anaitwa Dax, ana viganja laini kama vya mchungaji wa kanisa, na anapasua kuni bila tone la jasho. Na miti yao ni ya Kanada. Maisha yangu yote nimekata miti, televisheni haiwezi kunidanganya kwa miti.

Ila yupo msichana mmoja, Brielle, ana kofia nyekundu na mdomo mkali. Alichoma ghala la baba yake. Nampenda huyo. Wenzake wanalia kutwa, yeye hapana. Sasa juzi wamekaa duara, kila mmoja akatubu dhambi zake, na wote waliotubu wakafungasha wakaenda makwao. Nikajipiga paja. Kumbe dawa ni hiyo. Kwa hiyo shika ushauri wa babu yako, Aila, tubu. Tubu sana. Hata usichokifanya kitubu, maana naona wanapenda.

Mama yako alikuja Jumapili na bakuli la viazi vya kuoka na nyama. Amekonda. Alifungua friji yangu akaikagua kama polisi. Bibi yako yuko bustanini na mbegu zake za njegere, anakusalimu.

Babu yako,
Arvo


Virginia, Minnesota
28 Mei

Aila mwanangu,

Walimu wako wa huko wameniambia niandike barua hii bila kukutukana na bila kukubembeleza, nieleze tu ulivyoniumiza. Nitajaribu, ingawa mkono wangu umezoea kufanya yote mawili.

Tangu Septemba shule wananipigia simu kwamba hujaonekana. Nikiwa kazini, nikiiona namba yao, mikono ilikuwa inanitetemeka juu ya dawa za watu, na mfamasia mkono wake hautakiwi kutetemeka. Nikikuuliza ulikuwa wapi, unaniangalia usoni unanidanganya, leo maktaba, kesho kwa rafiki asiye na jina. Baba yako alipoondoka nilijiambia, angalau nimebaki na mtoto tunayeambiana kila kitu. Nilijidanganya.

Halafu ikaja Aprili. Nilikukuta ufukweni umelowa, midomo imekuwa ya bluu, pua ya gari imezama kwenye matete. Na kando yako babu yako, mzee wa miaka themanini, kafunikwa blanketi, anatetemeka, kwa sababu ilibidi atoke akakuokoe. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Basi tu." Maneno mawili hayo sijayameza mpaka leo.

Sikukupeleka huko kwa kukuchoka. Nimekupeleka kwa sababu nilikuwa siwezi kulala. Mwisho wa Juni mimi na Corinne tutaamua, urudi nyumbani au uende Utah. Sihitaji uwe malaika. Nataka ukweli tu, ujue namna ya kunieleza kilichotokea, hata kama ni kibaya.

Mama yako


Milimani, Idaho
5 Juni

Mama,

Barua yako nimeisoma mbele ya wote. Ndiyo desturi ya hapa. Barua ikitoka nyumbani, aliyeandikiwa anasimama katikati ya duara anaisoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, wenzake wanasikiliza, na hakuna anayeruhusiwa kukuchungulia karatasi. Nilipofika kwenye mikono yako inayotetemeka, nilipoteza mstari, ikabidi niutafute tena kwa kidole. Samahani kwa mikono yako.

Umeomba ukweli. Ukweli ni huu. Nilikuwa nimekunywa. Nilichukua funguo za Babu akiwa amelala. Nilitaka kujua kama barafu itanibeba, na kama haitanibeba sikujali. Siku zote nilizokosa shule nilikuwa nazurura na wavulana wa Hibbing, majina yao sitayataja. Babu hakujua chochote. Babu ni mzima, akili yake inafanya kazi kuliko za sisi sote, na alinivuta kutoka majini kwa mikono yake mwenyewe. Yeye usimlaumu kwa lolote, na nyumba yake iache ilivyo.

Natubu yote. Nadhani sasa ninaweza kurudi nyumbani.

Aila


Ziwa Hauki
11 Juni

Mjukuu wangu,

Mimi sijambo, mbu pia hawajambo, wamenenepa mwaka huu. Sufuria ya kahawa imefariki. Niliiweka jikoni nikatoka kuangalia mtumbwi, niliporudi imekuwa nyeusi kama kaa na paka kapanda juu ya kabati ananilaumu. Moshi ulikuwa kidogo tu. Mama yako usimwambie.

Jana nilikwenda kukungoja kituoni, basi la shule lipite. Nilingoja sana. Mwisho akapita jamaa na lori lake, akaniuliza, "Mzee Arvo, unangoja nini, shule si zimefungwa?" Nikamwambia najua, nanyoosha miguu. Akanirudisha nyumbani. Kwa nini hukushuka?

Alhamisi nilikuona ukivuka mto kwa kamba. Nilishika mikono ya kiti mpaka mishipa ikanitoka. Umefanya vizuri, lakini mwambie yule Dax ile kamba ameifunga ovyo, fundo lile halimfungi hata mbuzi. Kofia nyekundu imekupendeza. Ila nani aliyekukata nywele hivyo? Bibi yako anasema yule ni msichana mwingine, si wewe. Labda. Macho ya Helvi wangu ni mazuri kuliko yangu.

Je, ulitubu?

Babu


Milimani, Idaho
16 Juni

Babu mpenzi,

Nimeisoma barua yako duarani, na wenzangu wamekupenda. Walicheka sana pale uliposema uliota umekwenda kuningoja kituo cha basi. Walipenda pia habari ya mtumbwi na paka. Nilifurahi kusikia kwamba umeiweka picha ya Bibi bustanini na unamsalimu kila asubuhi. Ni miaka minne sasa tangu tumzike, Babu, lakini ni vizuri kumkumbuka. Na yule msichana wa tamthilia unayenifananisha naye, Brielle, nimewaeleza ni mtu wa kwenye televisheni, kwamba unapenda tu kunitania kwa jina lake. Wewe na utani wako.

Corinne alinisikiliza mpaka mwisho. Baadaye tukiosha vyombo akaniambia, "Babu yako anaandika sawasawa na unavyozungumza wewe." Nikamwambia amenilea. Akaendelea kusugua sufuria. Si mtu mbaya. Anavaa shati muda wote, mwambie Dax.

Huku nimejifunza kupekecha moto. Hakuna kiberiti. Unakata kijiti chako mwenyewe, unakizungusha kwa upinde juu ya kipande cha mbao, unasukuma na kuvuta, viganja vinatoka malengelenge, halafu unapata kichembe chekundu, na ukikipulizia vibaya kinakufa. Asiyepata moto anakula shayiri mbichi iliyolowekwa kwenye maji ya baridi. Nimeila hiyo shayiri nimeijua. Wiki iliyopita moto wangu uliwaka na nilikaa mbele yake nikalia. Sikulia kwa furaha. Nilikuwa nakufikiria wewe na jiko.

Babu, nenda kwa Mama ukakae naye wiki chache. Mwambie unataka kampani tu. Mwambie televisheni yake ni kubwa. Fanya hivyo kwa ajili yangu, nakusihi, nenda wiki hii hii.

Aila wako


Virginia, Minnesota
23 Juni

Aila,

Toba yako nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Niliomba ukweli, nimeupata, na Mungu anisamehe, natamani nisingeupata. Naweza kumvumilia mtoto mlevi. Naweza kumvumilia mwongo. Lakini anayeingiza gari ziwani na kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hakujali, huyo siwezi kumwacha peke yake nyumbani nikiwa zamu. Nikifungua mlango jioni nitakuwa nakwenda kuangalia kama uko hai. Siwezi kuishi hivyo, Aila. Nimejaribu kujiona naishi hivyo na nimeshindwa.

Corinne amenisihi tungoje. Anasema toba yako imenyooka mno, kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini si yeye atakayepigiwa simu na polisi aje ufukweni. Nimeshalipa Utah. Watakuja kukuchukua Jumatatu ya pili ya Julai.

Babu yako hajambo. Jumapili hizi mbili sikwenda kwake kwa sababu ya zamu, ila nampigia. Amenieleza kisa kizima cha tamthilia fulani, hata nikakosa pa kuingilia. Nikamwuliza kama anajisikia upweke. Akasema nisihangaike, wewe upo naye. Nadhani anakukumbuka sana.

Usifikiri sikupendi. Nakupenda, na ninaogopa, na siku hizi siwezi tena kuvitenganisha.

Mama


Ziwa Hauki
24 Juni

Kwa Brielle mwenye kofia nyekundu,

Hunifahamu. Mimi ni mzee tu wa huku Ziwa Hauki, nakuona kila Alhamisi. Anwani yako nimeikuta juu ya bahasha hapa nyumbani. Samahani kwa kukusumbua, najua una kazi nyingi huko milimani.

Nakuandikia kwa sababu nina mjukuu wa rika lako, anaitwa Aila. Wamempeleka milimani na mimi sijui ni mlima gani. Kwa kuwa unatembea sana huko, ukikutana naye mpe maneno yangu. Ni mrefu, anatembea haraka, na akisema uongo anakuwa mpole.

Siku moja niliingiza gari ziwani. Barafu ilikuwa imeoza, hata mtoto wa chekechea angeona, mimi sikuona. Maji yalipanda mpaka kwenye kiti. Nikajiambia, basi Arvo, umefika. Kisha nikamwona anakuja kwa tumbo juu ya barafu, mikono imejaa unga. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Babu, toa mguu wa kushoto kwanza," kwa sauti ya mtu anayekufundisha dansi. Nikatoa mguu wa kushoto. Polisi alipokuja, Aila akamwambia aliyekuwa anaendesha ni yeye. Mimi nilisikia. Nilikuwa pale pale kwenye blanketi, meno yananigongana, nikasema hili nitalisahihisha kesho. Na kesho ilipofika sikuwa nalo tena. Huwa linarudi, halafu linaondoka. Leo limerudi, ndiyo maana nimeshika kalamu mapema.

Wewe ulichoma ghala ukasema, "Ni mimi," kwa hiyo nakuamini. Aila hakuchoma kitu. Alikuwa anakosa shule ili aje kukaa na mimi, ananipikia shayiri na kuniandikia vikaratasi kwenye milango, hapa choo, hapa stoo. Mwambie arudi. Mwambie hii nyumba ni mbao na misumari, nimeijenga mwenyewe, najua ilivyo, haifai mtoto mzima kufungiwa kwa ajili yake.

Siku hizi jioni ikifika naogopa. Alipokuwepo nilikuwa siogopi. Hilo usimwambie, atalia.

Ni mimi,
Arvo Niskanen


Milimani, Idaho
29 Juni

Mama,

Barua hii hataisoma mtu isipokuwa wewe. Corinne mwenyewe amenipa karatasi akaniambia andika. Sasa hivi anashuka bondeni mpaka pale simu inaposhika, akupigie, kwa hiyo habari utakuwa umeshazipata. Lakini nataka uzisikie kwangu pia.

Barua yako na ya Babu zilifika pamoja. Niliisoma yako kwanza, Utah na yote, na sikuyumba. Nilijiambia, sawa, ndiyo bei yake. Kisha nikafungua ya Babu. Mama, barua zote za Babu nilikuwa nazisoma duarani, lakini maneno niliyokuwa nayatamka si yaliyoandikwa. Alipoandika Bibi yuko bustanini, mimi nilisoma picha ya Bibi. Alipoandika alikwenda kuningoja kituoni, mimi nilisoma aliota. Nilikuwa hodari. Macho yanaona hiki, mdomo unatoa kingine, bila kigugumizi.

Bahasha ya leo ina jina langu, lakini barua ya ndani haikuandikwa kwangu. Imeandikwa kwa Brielle, yule msichana wa tamthilia. Nikaanza kama kawaida, nikasema, "Kwa Aila mwenye kofia nyekundu." Wakacheka. Nikaendelea kutunga. Nikafika mahali alipoandika nilikuja kwa tumbo na mikono imejaa unga, na sikupata cha kutunga. Nilitafuta, Mama. Mwisho nikarudi juu kabisa nikaisoma upya, neno kwa neno, mpaka mahali aliposema usimwambie, atalia. Kisha nikatoa zile nyingine mfukoni nikazisoma nazo jinsi zilivyo. Corinne alikuja akaketi kando yangu kwenye majani.

Aliyeingiza gari ziwani ni Babu. Wiski ilikuwa yake. Wavulana wa Hibbing hawapo, hata mmoja. Siku zote nilizokosa shule nilikuwa kwake, kwa sababu kuna asubuhi alikuwa hajui jiko linazimwa upande gani. Sikukuambia kwa sababu ya Duluth. Babu aliniambia nikitubu hata nisichokifanya nitarudi, ameona kwenye tamthilia, na mimi mjinga nikamsikiliza. Niliitengeneza ile toba vizuri mno, ukaiamini.

Mficha maradhi kilio humfichua, hukuwa unasema hivyo kazini kwa wateja wako? Mimi nimeyaficha ya Babu mwaka mzima, na nimechoka. Nimechoka, Mama, sijawahi kumwambia mtu. Nilidhani namlinda, kumbe nimefanya abaki peke yake na nyumba nzima na jioni zote hizo.

Nenda leo. Usipige simu kwanza, atakuambia hajambo. Kama bado ni Utah nitakwenda, sitabisha na sitatoroka. Ila mtu akae naye.

Aila


Ziwa Hauki
3 Julai

Aila mwanangu,

Barua hii naituma kwa Corinne kwa kompyuta, akuletee leo leo.

Alipomaliza kuzungumza na mimi niliacha dawa za watu juu ya kaunta nikaendesha moja kwa moja. Nilimkuta. Yuko hai, amevaa shati la kanisani, amekonda. Nyumba ilikuwa baridi. Jikoni hakukuwa na sufuria hata moja. Nikamwuliza ziko wapi, akanipeleka bafuni, amezifungia zote humo. Akaniambia, "Irene, nikiziona nazipika." Alikuwa anakula shayiri kavu kwa mkono kutoka kwenye pakiti. Kwenye mlango wa choo kuna karatasi yenye mwandiko wako. Nimepita mbele yake Jumapili ngapi nikidhani ni mzaha wenu. Niliketi sakafuni pale koridoni nikalia, naye akaja akanipapasa kichwani, akaniuliza nani amenionea.

Tumemwona daktari. Ugonjwa una jina na hautaondoka. Nimehamia hapa na nguo zangu. Mama Bergquist wa ng'ambo ya barabara atakaa naye mchana nikiwa kazini. Kuhusu nyumba sikuahidi kitu. Iko siku itabidi tumhamishe, na siku hiyo utanikasirikia, nami nitakubali ukasirike. Lakini siku hiyo si mwaka huu, na ikifika tutaamua sote, kwa sauti, mezani.

Utah nimewapigia nimewaambia haji mtu. Pesa wamekataa kurudisha, waache wazile.

Umebeba kazi ya mtu mzima mwaka mzima, na mtu mzima mwenyewe alikuwa mimi. Nilikuangalia nikaona mtoto aliyeharibika. Nilikuwa naangalia vibaya. Ile toba yako nilipaswa kuishtukia pale tu ulipomsifu babu yako akili bila kuulizwa, lakini nilikuwa nimeshakasirika, na mtu akikasirika anasoma anachotaka. Nisamehe. Siandiki hivi kwa sababu wameniambia.

Tunakuja kukuchukua kwa gari, kwa sababu uwanja wa ndege utamchanganya. Ni safari ya siku mbili na babu yako ameshafunga mzigo, mara tatu. Leo asubuhi nilimwambia tena, Baba, tunakwenda kumchukua Aila. Akauliza ni nani aliyempeleka mtoto mbali hivyo. Nikamwambia ni mimi. Akaniangalia, nami sikukwepa macho yake. Kisha akasema, "Basi twende tukamchukue," akatoka akaenda kukaa ndani ya gari, na mpaka sasa ninapoandika yumo humo ananingoja.

Mama